Yule tenori aliyeburutwa na askari mbele ya Callas

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa Morogoro, naimba sauti ya tatu, yaani tenori, nina miaka 26. Nimeona kwenye simu filamu ya zamani ya Maria Callas, yule soprano maarufu wa opera, akiimba Tosca ya Puccini mjini Paris mwaka 1958. Kuna kijana anayeletwa na askari, anateswa chumba cha pili, anarudishwa, anapaza sauti "Vittoria!" kisha anaburutwa nje. Niliganda. Wanasema ni Mwaustralia anayeitwa Albert Lance, lakini nikimtafuta napata mistari miwili mitatu tu. Alikuwa nani, na alifikaje pale? Kama alikuwa na sauti ile, mbona hatajwi? Na la mwisho: kiongozi wetu wa kwaya anasema kwa umri wangu nimeshachelewa kujifunza kuimba kwa dhati. Ni kweli?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na filamu yenyewe, maana ndiyo iliyokukamata, na ndiyo pia inayompunja Lance.

Usiku ule ulikuwa wa tarehe 19 Desemba 1958, katika Palais Garnier, jumba kuu la opera la Paris. Ilikuwa shughuli ya hisani kwa ajili ya Légion d'honneur, nishani ya heshima ya Ufaransa. Rais René Coty alikuwepo, siku mbili kabla ya de Gaulle kuchaguliwa kumrithi. Charlie Chaplin alikuwepo, Brigitte Bardot naye, na televisheni ilikuwa inarusha mambo yote moja kwa moja. Watu wote hao walimfuata mtu mmoja. Callas alikuwa ameufungua mwaka ule kwa balaa: tarehe 2 Januari, mjini Rome, sauti ilimkwama, akaiacha opera ya Norma baada ya sehemu ya kwanza huku Rais wa Italia amekaa ukumbini. Novemba, Metropolitan, jumba la opera la New York, ikavunja naye mkataba. Kwa hiyo Paris ilikuwa imekaa mkao wa kuona kama ataibuka au atazama.

Nusu ya kwanza aliimba kama kwenye tamasha, vipande vya Norma, Il trovatore na Il barbiere di Siviglia. Katika "Miserere" ya Il trovatore kuna mfungwa anayeitwa Manrico anayeimba kutoka mnarani. Aliyepewa nafasi hiyo ni Lance. Nusu ya pili ikawa sehemu ya pili ya Tosca, na mavazi yake na mapambo yake yote, Tito Gobbi akiwa Scarpia, mkuu wa polisi, na Georges Sébastian akiongoza okestra.

Sasa tazama tenori amegawiwa nini hapo. Tosca ina nyimbo mbili ambazo kila tenori duniani anazitamani: "Recondita armonia" katika sehemu ya kwanza na "E lucevan le stelle" katika sehemu ya tatu. Sehemu ya pili haina hata moja. Sehemu ya pili ni ya Tosca, yule anayechezwa na Callas, na Scarpia. Mario Cavaradossi, mchoraji na mpenzi wa Tosca, ndiye Lance, anaingizwa, anahojiwa, anakana, anapelekwa chumba cha mateso, na kwa muda mrefu tunamsikia tu akipiga mayowe nyuma ya mlango. Anarudishwa akiwa anavuja damu, anagundua kwamba mpenzi wake amekwisha toboa siri, mara inafika habari kwamba Bonaparte ameshinda vita vya Marengo, naye anamlipukia Scarpia usoni. Dakika chache tu, halafu askari wanamkokota. Ni sawa na mtu aliyealikwa karamuni akapewa pilipili peke yake.

Na bado ulimsikia! Hilo halikutokea kwa bahati. Ile "Vittoria" inapanda hadi A shapu iliyo juu ya C ya katikati ya piano (natumia herufi za piano kwa makusudi, maana "la" ya sol-fa yetu inahama na ufunguo). Okestra inapiga kwa nguvu zote, na mwimbaji hakupata wimbo wowote wa kumpasha moto. Ametoka kupiga mayowe, na mayowe ni adui wa koo. Anatakiwa aikamate nota hiyo kwa irabu ya "o", wazi, imara, bila kuitafuta. Na kulia kwake amesimama Callas, kushoto Gobbi, watu wawili waliokuwa mabingwa wa kumfanya mtu mwingine yeyote jukwaani aonekane kama fanicha. Lance hakuonekana kama fanicha.

Kuna jambo jingine ambalo filamu haikuambii. Usiku ule waliimba kwa Kiitaliano. Lance alikuwa mwimbaji wa majumba ya Paris, na majumba ya Paris siku zile yalikuwa yanaimba Tosca kwa Kifaransa. Kumbuka hilo. Nitalirudia, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la tatu.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1925, karibu na Adelaide, Australia Kusini, akaitwa Lancelot Albert Ingram. Kwao walimjua kama Lance Ingram. Alipofika Ufaransa yale majina mawili ya kwanza yaligeuzwa, la pili likawa la kwanza na la kwanza likafupishwa likawa la ukoo, Ingram ikaachwa. Ndiyo maana unapata mistari miwili mitatu. Ukimtafuta Albert Lance unapata maisha yake yaliyoanzia Paris. Ya Melbourne yamekaa chini ya jina la Lance Ingram, kana kwamba ni mtu mwingine. Jaribu majina yote mawili utaona tofauti.

Alisomea muziki Melbourne, na mwaka 1950 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika opera, nafasi ikiwa ni hiyo hiyo ya Cavaradossi. Baadaye wakampa Rodolfo wa La bohème na Pinkerton wa Madama Butterfly. Jukwaa lenyewe lilikuwa la National Theatre, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1935 na Gertrude Johnson, mwimbaji wa soprano aliyekuwa amewahi kuimba London. Mama huyu alikuwa amechoka kuona kila kijana wa Australia mwenye sauti akipanda meli. Alitaka wapate pa kuimbia nyumbani. Nia njema kabisa, ila kilichotokea ni kwamba aliwaandaa vizuri zaidi kwa safari.

Maana nyumbani hapakuwa na pa kuishi kwa kuimba. Kampuni ya opera ya Elizabethan Theatre Trust ilianza mwaka 1956, na lile jumba la Sydney lenye mapaa kama matanga, ambalo kila mtu akisikia Australia na opera ndilo linalomjia kichwani, lilifunguliwa Oktoba 1973. Wakati huo Lance alikuwa ameshapita kilele chake. Njia ya kuondoka ilikuwa imechimbwa zamani. Nellie Melba, aliyechukua jina lake kutoka Melbourne, alikwenda Paris miaka ya 1880 kujifunza kwa Mathilde Marchesi kabla dunia haijamjua. Kizazi cha Lance kilipendelea London, kwa sababu ya lugha na pasipoti. Joan Sutherland aliondoka Sydney kwenda huko mwaka 1951. Lance akashika njia nyingine.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alitembelea Australia, na Melbourne ikamwandalia onyesho la The Tales of Hoffmann. Aliyepewa nafasi ya Hoffmann ni Lance, akiwa na miaka 28. Hiyo si nafasi ya mchezo. Hoffmann anasimulia mapenzi yake matatu yaliyoharibika, na yumo ndani ya kila moja. Mwimbaji anapumzika dakika chache tu usiku mzima. Wengine wanafika mwisho wakiwa hoi. Mwalimu wa sauti wa Kifaransa, Dominique Modesti, alimsikia, akamshauri aende Paris akajifunze upya.

Sikiliza vizuri hilo neno "upya". Huyu hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na miaka minne ya jukwaa, ameimba mbele ya Malkia, kwao alikuwa mtu. Akakubali kurudi darasani.

Mwaka 1955 akaimba Opéra-Comique, jumba la pili la Paris, kwa nafasi yake ile ile ya Cavaradossi. Mwaka 1956 akaingia Palais Garnier kama Faust. Kwa mgeni, kuimba Faust ya Gounod mbele ya Wafaransa ni kama mtu wa bara kwenda Zanzibar kuimba taarabu ya zamani mbele ya wazee wanaoijua mistari yote: hawasubiri ukosee sauti, wanasubiri ukosee neno.

Hapa nitakaa kidogo, maana wewe ni mwimbaji.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inakaa mahali pake. Ukisema "toto", "o" zote mbili ni zile zile tangu mwanzo hadi mwisho. Kiitaliano ni jirani yetu kwa hilo. Mwanakwaya wa Morogoro akisoma maneno ya Kiitaliano anakaribia matamshi sahihi kuliko Mwingereza aliyesoma miaka miwili. Kiingereza hakiko hivyo. Irabu zake nyingi zinateleza: "o" inaanza sehemu moja inaishia nyingine, na kwa Waaustralia utelezi huo ni mkubwa zaidi. Ukiimba nota ndefu kwa irabu inayoteleza, sauti inabadilika rangi katikati, na kule juu inakupotea. Kwa hiyo Lance kabla ya kupata Kifaransa ilibidi auondoe ulimi wake kwenye lugha ya mama yake. Kisha ndipo aanze na Kifaransa chenyewe, kilicho na irabu zinazopita puani, "u" ya midomo iliyochongoka ambayo sisi hatuna kabisa, na "e" isiyotamkwa katika mazungumzo lakini katika kuimba inapewa nota yake. Mwalimu akikosea kukuelekeza kwenye zile irabu za puani, sauti yote inakwama puani na haifiki safu ya tano.

Na lazima ifike, tena bila kipaza sauti. Garnier ina viti karibu 2000. Sauti ya mtu mmoja inapitaje juu ya okestra nzima? Haipiti kwa ukubwa. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na hezi 500 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na inapungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefundishwa hupanga koo na mdomo wake kiasi kwamba sauti inapata mlio wa ziada karibu na hezi 3000, mahali ambapo okestra imenyamaza kiasi na sikio la binadamu ni jepesi. Ndio ule mlio kama wa chuma safi ulioupata hata kwenye spika ya simu yako. Watu husema "ana mapafu". Mapafu tunayo sote.

Kwa sikio langu, sauti ya Lance ilikuwa na mambo mawili: mng'ao wa mbele na maneno. Nikimsikiliza kwa Kifaransa sihitaji karatasi ya maneno mkononi. Kasoro yake ni kwamba alipenda kuimba kwa nguvu ile ile kwa muda mrefu. Mahali ambapo Alain Vanzo, mwenzake wa Paris, angeipunguza sauti hadi uzi, Lance mara nyingi aliendelea mbele kwa kifua. Wako wanaompenda kwa hilo hilo. Mimi namvumilia.

Sasa, mbona hatajwi?

Wengi wangekujibu kwamba palikuwa na tenori wakali kuliko yeye: Corelli, Del Monaco, Di Stefano, Björling. Ni kweli walikuwepo, lakini jibu hilo ni la mvivu. Dunia haikumlinganisha nao ikamwona mdogo. Dunia haikumsikia.

Majumba ya Paris wakati ule yalikuwa na vikundi vya kudumu. Mwimbaji aliajiriwa, akawa mtu wa nyumba: leo Faust, wiki ijayo Tosca, baadaye Carmen, Rigoletto, Werther, na vyote hivyo kwa Kifaransa. Wazee wetu wa dansi watauelewa mfumo huo haraka. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, kazi yao ni kupiga muziki na mwezi ukiisha kuna mshahara. Uzuri wa mfumo ni kwamba mwimbaji anakua, anajifunza nafasi nyingi, hahangaiki na ndege. Ubaya wake ni kwamba sifa zake zinaishia mlangoni.

Na sahani za santuri zilifuata mlango huo huo. Lance alirekodi Tosca kwa Kifaransa pamoja na Jane Rhodes na Gabriel Bacquier. "E lucevan le stelle" humo inaitwa "Le ciel luisait d'étoiles". Kwa mnunuzi wa Lyon au Marseille ilikuwa sawa kabisa. Kwa mnunuzi wa New York au Milan ilikuwa kichekesho: nani anunue Puccini kwa Kifaransa wakati Callas na Di Stefano wapo kwa Kiitaliano?

Utaniambia, basi angerekodi opera za Kifaransa zenyewe, si ndizo zake? Hapo ndipo panapouma. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa filamu yako, kampuni kubwa ya santuri ya Uingereza, EMI, ilirekodi Faust mjini Paris. Okestra ilikuwa ya Opera ya Paris. Kwaya ilikuwa ya Opera ya Paris. Kiongozi alikuwa André Cluytens. Faust akapewa Nicolai Gedda, Mswidi. Marguerite, Victoria de los Angeles, Mhispania. Shetani, Boris Christoff, Mbulgaria. Sina neno na Gedda, Kifaransa chake kilikuwa cha ajabu na rekodi ile bado nasomeshea. Ila Faust wa nyumba hiyo, aliyekuwa anaimba nafasi hiyo katika jumba hilo, hakuitwa. Rekodi ya Gedda ikauzwa dunia nzima kwa miongo. Faust ya Lance iliisha na usiku ilipoimbwa.

Alitoka nje mara kadhaa. Tarehe 18 Septemba 1961 alikuwa San Francisco, katika onyesho la kwanza kabisa la Blood Moon, opera ya Mmarekani Norman Dello Joio. Hadithi yake inafanyika kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: mwigizaji mwenye damu ya Kiafrika kwa mbali, ambaye watu wanamdhania Mzungu, na kijana wa familia kubwa ya New Orleans anayempenda. Lance alikuwa kijana huyo, mwanamke akaimbwa na Mary Costa, yule yule aliyempa Sleeping Beauty ya Disney sauti yake. Wahakiki hawakuipenda, na majumba mengine hayakuikimbilia. Kwa hiyo nafasi pekee ya kuandikwa kwenye historia kama mwimbaji wa kwanza wa opera mpya Marekani ikamwangukia kwenye opera isiyorudiwa. Bahati nayo ina macho yake.

Alialikwa pia Umoja wa Kisovieti, na wasikilizaji wa Moscow walimsikia Bolshoi. Mwaka 1967 akachukua uraia wa Ufaransa. Nadhani ilikuwa ni kuandika tu kitu kilichokwisha tokea. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa tenori wa Kifaransa aliyezaliwa mbali.

Kisha nyumba yenyewe ikabomoka. Mwaka 1972 kikundi cha kudumu cha Opéra-Comique kilivunjwa. Mwaka 1973 Garnier ikapata mkuu mpya, Rolf Liebermann, Mswisi aliyetokea Hamburg, akaja na utaratibu wa kuita nyota kutoka kila pembe na kuimba kila opera kwa lugha yake ya asili. Kisanaa ilikuwa hatua kubwa, sibishi. Jumba lilikuwa limezeeka na vumbi limekaa. Lakini kwa waimbaji wa kikundi, waliozoea kumwimba Verdi kwa Kifaransa, ilikuwa ni kuamka asubuhi ukakuta soko limehama. Lance alikuwa na miaka 48. Akaenda Strasbourg, kwenye Opéra du Rhin iliyokuwa changa, akaimba huko katika miaka hiyo ya 1970, baadaye akateremka kusini na kufundisha sauti. Alifariki Antibes tarehe 15 Mei 2013, akiwa na miaka 87.

Unaona basi ile filamu ilivyo. Usiku mmoja tu katika maisha yake kamera ya dunia iliingia kwenye nyumba yake, ikamkuta kwenye sehemu ya opera isiyokuwa na wimbo wake. Laiti wangeimba sehemu ya tatu! Lakini waliokata tiketi walimtaka Callas, na Callas akiwa na kisu mkononi mbele ya Gobbi, nani angewalaumu.

Nije kwenye umri wako.

Kiongozi wako wa kwaya ana nusu ya ukweli. Sauti ya mwanamume haitulii mapema. Tenori wa miaka 18 anayejilazimisha Cavaradossi anajichimbia kaburi. Katikati ya miaka ya ishirini ndipo koo linapoanza kubeba mzigo. Lance alianza opera akiwa na miaka kama 25 na akajengwa upya alipokaribia 30. Kwa hesabu ya koo, wewe hujachelewa hata siku moja. Kilichochelewa ni vingine. Lance alipofika Paris alikuwa na nafasi nzima kichwani, alijua kusimama jukwaani, alisoma muziki. Wewe una sol-fa, na usiidharau: mtu aliyelelewa na sol-fa husikia umbali wa nota kabla hajaiimba, na wanafunzi wengi wa Ulaya hawana hilo. Ila noti za mistari mitano lazima uzijue, na hilo ni la miezi, si la miaka. Kuhusu kuishi kwa opera, sitakudanganya: kutoka Morogoro hakuna njia iliyochongwa, na hata kutoka Melbourne ya mwaka 1954 ilikuwa ni mtu mmoja mmoja. Jifunze kuimba kwa sababu unataka kuimba vizuri. Mengine yatajulikana huko mbele.

Na tafadhali, acha kugombana na spika. Nimewasikia vijana wengi wa sauti ya tatu wakishindana na kinanda kilichofunguliwa hadi mwisho, mishipa ya shingo imetoka, kidevu kinatazama dari. Hiyo ndiyo inayozeesha sauti kabla ya miaka 35, hata kama hujawahi kuisikia opera. Miezi sita ya kwanza fanya kitu cha kuchosha: chukua irabu zetu tano, moja moja, kwenye nota za katikati, kwa sauti ya wastani, ukihakikisha irabu haibadiliki tangu uianze mpaka uiache. Ukipanda kufikia E, F na G juu ya C ya katikati utaona sauti inataka kuvunjika au kupiga kelele. Hapo ndipo mlango wa tenori ulipo, na hapo ndipo unapohitaji mwalimu aliyekaa na wewe chumbani. Simu haitakuona kidevu. "Vittoria" usiiguse kwa mwaka mzima. Najua umeshaigusa.

Badala yake tafuta Werther ya Massenet aliyorekodi Lance mwaka 1964, Jésus Etcheverry akiongoza, Rita Gorr akiwa Charlotte na Mady Mesplé akiwa Sophie. Humo utakutana na mume wa Charlotte anayeitwa Albert, anayeimbwa na Bacquier. Albert Lance anamwonea wivu Albert, usichanganyikiwe. Hapa hatimaye yuko nyumbani: Kifaransa, opera ya Kifaransa, na nafasi ambayo tenori ndiye mwenye mali. Nenda hadi sehemu ya tatu, kwenye "Pourquoi me réveiller". Ni wimbo mfupi wa beti mbili, na kila ubeti unapanda hadi A shapu. Ni nota ile ile ya "Vittoria". Safari hii hakuna askari wala mayowe, kuna mtu tu anayeuliza kwa nini upepo wa masika umwamshe. Sikiliza anavyoifikia katika ubeti wa kwanza, kisha katika wa pili, halafu uniandikie: ipi ilimgharimu zaidi, hii au ile uliyoiona kwenye simu?